Kaburi la kwenye Daftari

Nianze na Leonsi, maana hasira zangu hazijapoa na sitaki zipoe kabla sijamaliza kusema. Ni jirani yetu hapa Minago. Michikichi yake inaanza pale mihogo yetu inapoishia. Mpaka huo ulishakatwa mbele ya chefu wa kilima, kiongozi wetu wa kijiji, tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, wazee wakashuhudia, tukapeana mikono. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, tena hiki chetu kilikuwa kinatuomba chumvi kila Jumamosi.

Dada yangu Speciosa anaandika riwaya. Hana kompyuta, hana mchapishaji, hana mtu wa kumwambia bravo. Ana madaftari ya shule ya kurasa mia na kalamu za biki za buluu. Kila asubuhi, wanawake wakishaanika ndagala, dagaa wa ziwani, anakaa kibarazani na kuandika mpaka jua limfikie miguuni. Anaandika ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto anauacha kwa masahihisho. Neno likimgomea, anainua kichwa, anaitazama michikichi ya Leonsi huku midomo ikimchezacheza, kisha anainama tena. Miaka mitatu hivyo, isipokuwa Jumapili. Mimi napika, nalima, nafukuza mbuzi, na sijawahi kulalamika. Haya, nimelalamika kidogo.

Sasa Leonsi aliona nini? Mwanamke anatazama miti yake, anaandika, anatazama, anaandika. Huku kwetu mtu akiandika kila siku akikodolea macho shamba la mwenzake, hakuna anayefikiria riwaya. Wanafikiria dosye ya kesi ya ardhi, na kwenye kesi hizo kaburi la babu ndilo ushahidi mkubwa.

Siku moja mbuzi waliingia kwenye mihogo, tukakimbia sote wawili. Tuliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Daftari lenye sura sita za mwisho halikuwepo. Speciosa alilitafuta mpaka ndani ya chungu cha maharage. Hakula siku mbili, na mimi nilimtukana kila aliyepita na baiskeli.

Siku ya tatu Leonsi alikuja mwenyewe, matope mpaka magotini, jembe begani. Hata salamu ya amahoro hakutoa.

"Mama Élysée," akamwambia dada yangu, "ile kaburi iko wapi?"

"Kaburi gani?"

"Ya babu yako! Umeandika iko chini ya muchikichi wenye kuinamia ziwa. Kwangu iko miti mine yenye kuinama. Nimechimba yote, yote imeanguka, na hamuna kitu!"

Speciosa alisimama polepole. "Kaye yangu, ile daftari, iko kwako?"

"Nimeichoma. Kwenye moto wa mawese. Ningekuacha uipeleke kwa tribinali?"

"Ile ni hadithi, weye! Babu yangu alizikwa Kigoma. Ile kaburi niliitunga!"

"Unanidanganya. Vile yule mama wa kwenye daftari aliililia, na mimi nikalia. Mutu hawezi kulilia kaburi ya bure."

Miaka mitatu dada yangu alisubiri msomaji aseme neno kama hilo, akaja kulisikia kwa mtu aliyemchomea kitabu. Nilidhani atalia. Mimi nilikuwa nimeshashika mchi. Yeye akavuta kiti.

"Kaa hapo. Ulisoma yote?"

"Yote. Mara mbili."

"Basi utanirudishia yote kwa kinywa. Hauondoki."

Alikaa. Siku hiyo, kesho yake, wiki nzima. Majirani wakaamini anatoa ushahidi. Alikumbuka maneno ambayo dada mwenyewe alikuwa ameyasahau, nami nikazidi kumchukia kwa hilo. Alipobabaika, Speciosa alipiga meza: "Hapana! Mbele ya mulango yule mama alisema nini?" Naye, jitu zima, alifumba macho akatafuta mpaka akapata. Chakula nilimpa, maana yule ndiye kitabu chetu, lakini nyama sikumpa.

Walipofika kwenye sehemu ya kaburi, Leonsi alijikuna shingo.

"Mama Élysée, murakoze, asante kwa uvumilivu. Lakini hapa... andika iko upande wa kwenu."

"Iko kwako, Leonsi." Hakuinua hata macho. "Na ukimaliza kusema, nitatoa fotokopi mbili. Moja ni yako. Uende ukaichome."