Parsaoti na Nyasi za Tamasha

Kama ulipita Kitengela miaka ya tisini ukamwona mwanamume mrefu amevaa kabuti la kijivu, kofia ya pama na gambuti katikati ya jua kali, akigombana na mtu kwa sababu ya ua, huyo alikuwa Parsaoti. Ua wenyewe ulikuwa wa nani, haidhuru. Alizichukia nyua zote.

Usije ukadhani nakusimulia habari za mzee wa busara. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mbishi, mchoyo wa redio yake, na kanisani kwetu alisinzia mahubiri yakianza akaamka sadaka ikishapita. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, kwa hiyo kuruka hakuweza, na kuimba hakupenda. Alichopenda ni ng'ombe. Aliwajua kwa mama zao na nyanya zao, na ukimuuliza watoto hawajambo, alikujibu kwanza habari za ndama.

Ardhi tuliyojenga juu yake ilikuwa ya baba yake. Ndiyo tuliyonunua vipande vipande, sisi Wakamba tuliotoka Machakos na Makueni, pamoja na Wajaluo na Waluhya wa mishahara wanaokwenda Nairobi alfajiri na kurudi na giza. Kipande kimoja mzee huyo hakukiuza. Alikitoa bure kiwe uwanja wa watu wote. Alipokufa, watu wote tuliunda kamati, na kamati ikauzungushia uwanja seng'enge na kutia geti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni tulikuja, lakini mwenyeji alibaki nje ya waya.

Kamati hiyo ndiyo iliyobuni Tamasha la Tamaduni Zetu. Mwenyekiti alikuwa Sydney Odero, afisa wa bima, mtu wa tai hata Jumamosi. Mshereheshaji alikuwa Joram, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nguo alizomaliza. Karani nilikuwa mimi, Ndulu, mwalimu wa darasa la nne. Tulipendana sana kwenye vikao. Tulitamka neno "utamaduni" mpaka chai ikapoa vikombeni.

Mwaka wa 2000 mvua ilikataa. Kufikia Agosti barabara ya Kisaju ilinuka mizoga. Kati ya ng'ombe sitini, Parsaoti alibaki na kumi na wanane, na mbavu zao ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Mahali palipokuwa na majani mabichi palikuwa uwanjani kwetu tu. Kila Jumanne tulileta boza la maji na kunyunyizia nyasi, ili siku ya tamasha wacheza ngoma wasisumbuliwe na vumbi.

Alikuja kikaoni, kofia mkononi.

"Sopa," alisema.

"Ipa!" tukaitika sote kwa furaha, maana Kimaasai chetu kiliishia hapo.

"Niko na ng'ombe kumi na nane. Nipeeni hiyo nyasi siku mbili tu. Wakikula siku mbili watapata nguvu ya kufika Ewuaso Kedong, nasikia huko kumenyesha. Wasipokula, hata Kiserian hawafiki."

Odero alilegeza tai kidogo. "Mzee Parsaoti, tunakuelewa kabisa. Lakini tamasha ni wiki tatu zimebaki, na hiyo nyasi tumeitunza kwa sababu ya utamaduni."

"Utamaduni ya nani?"

"Ya sisi wote. Hata yako. Wamaasai mko namba saba kwa programu. Tumeita vijana wa kuruka."

"Ng'ombe zangu hazikuli vijana," alisema Parsaoti, akavaa kofia yake akatoka.

Barua rasmi ya kumkatalia niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Mwishoni nikaongeza kwamba anakaribishwa tamashani, ila tafadhali avae shuka. Nikiukumbuka mstari ule wa shuka, mpaka leo nasikia aibu.

Kwa wiki tatu alizunguka na panga akiwakatia matawi ya migunga. Siku ya tamasha ilipofika, ng'ombe walikuwa kumi na mmoja.

Tamasha lilifana, sitasema uongo. Mgeni wa heshima alikuwa bibi mmoja wa shirika la sanaa huko Nairobi, na shanga alizovaa shingoni zingemwinamisha punda. Wakamba wetu walipiga filimbi na kujipindua hewani, mmoja akatua kwenye sufuria ya muthokoi. Makarani kutoka magharibi walicheza isukuti na saa mikononi. Kisha Joram akatangaza namba saba, "Na sasa, Wamaasai!" na uwanja ukabaki mtupu. Vijana wa kuruka walikuwa wameenda kurukia watalii.

Geti lilikuwa limeachwa wazi kwa ajili ya gari la mgeni. Hapo ndipo Parsaoti alipoingia na ng'ombe wake kumi na mmoja.

Joram alidhani ni mpango wa mwenyekiti. Mwenyekiti alidhani ni ubunifu wa Joram. Watu walisimama, vigelegele vikapigwa. Ng'ombe hawakumtazama mtu. Waliinamisha vichwa wakala, na kila mmoja wetu alisikia nyasi zikikatika.

"Hii ndiyo sanaa!" alisema mgeni wa heshima, mkono kifuani. "Hakuna kuigiza hapa!"

Vikundi vilishindanishwa kwa alama mia, na waamuzi walimpa Parsaoti alama zote za ubunifu na alama zote za uhalisia. Walimpunguzia kwenye mavazi tu, kwa kuwa kabuti na gambuti si vya asili. Karatasi zao waliniletea mimi nijumlishe.

Odero alimfuata na kipaza sauti, akitabasamu meno yote nje. "Mzee, hebu tuambie kidogo juu ya huu mchezo wako."

"Sichezi," alisema Parsaoti. "Ng'ombe ziko na njaa. Nilikuja nikawaomba, mkanikatalia."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Rudia, mzee! Rudia!" Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, safari hii akimtaja Odero kwa jina, na mimi kwa jina. Makofi yakazidi. Odero naye alipiga makofi, akarudisha kipaza sauti mezani kwetu.

Ng'ombe mmoja mwekundu, aliyekuwa akila karibu na meza ile, alipiga magoti, kisha akaanguka ubavu, nyasi zikiwa bado mdomoni.

"Jamani, ona walivyofundishwa!" alisema mgeni wa heshima.

Parsaoti alijikongoja kwa goti lake bovu, akainama, akaweka kiganja kwenye pua ya ng'ombe. Akakiacha hapo muda mrefu. Nimezaliwa Makueni, nimekulia kwenye ukame, najua mtu anatafuta nini akiweka kiganja hivyo. Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, na mwenyekiti aliniinamia akauliza jumla ni ngapi.

Nilijumlisha. Nikaandika tisini na moja, nikapiga mstari chini yake kwa rula.