Filimbi ya Ebeneza

Mume wangu Ebeneza amechezesha mpira wa wavu tangu enzi zile timu ilikuwa haipati pointi kama si yenyewe iliyoanzisha mpira. Mechi moja ya Lupembe haikuisha kabisa. Lori la majani ya chai lilifika, nusu ya wachezaji wakaenda kupakia. Siku hizi kila mpira ni pointi, hata teke ruksa, na sheria zinabadilika kama bei ya mbolea.

Mwaka huu, kwenye michezo ya vijana wa usharika, alimtoa nje binti wa Kifanya kwa kuvaa jezi ya rangi tofauti na wenzake. Alidhani kasahau yake nyumbani. Kumbe ndiye libero, mlinzi wa nyuma, na sheria ndiyo inayomtaka avae hivyo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikasirika, maana aliyechekwa ni mume wangu.

Xaveri, katibu wa michezo, akaja nyumbani. "Mzee, heshima yako ipo. Lakini ukikosea tena, kwenye mechi ya huko Makambako, filimbi anashika yule binti mwamuzi, Rosemary."

Tangu mguu umharibikie mume wangu, shamba haliwezi. Filimbi ndiyo pekee inayomtoa nje ya ua. Kwa hiyo wiki nzima, tukipukuchua mahindi, nikawa namhoji.

"Baba Esnath, mpira wa kuanzisha umegusa wavu, ukavuka?"

"Zamani kosa. Sasa unaendelea."

"Ya zamani sijakuuliza!"

Siku ikafika. Makambako walibakiza pointi moja tu washinde. Mchezaji wao Mudy akaanzisha. Mpira ukagusa wavu, ukaangukia upande wetu. Ushindi wao. Mume wangu akapuliza: kosa! Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua alikuwa ameinua mikono. "Nimekosea mimi. Rudieni."

Mudy akarudia, akaupiga nje, na timu yetu ya Njombe ikaja kushinda.

"Mzee, umetuonea!" Mudy alifoka, na alikuwa na haki.

Ebeneza hakumngoja Xaveri. Aliivua filimbi shingoni, akaifuta kwa leso, akampelekea Rosemary.

"Asante, baba," alisema binti wa watu, kwa adabu zote. "Ninayo yangu."

Uchungu ulionishika pale sijui niuseme vipi.

Sasa filimbi inakaa mfukoni mwa koti lake la kanisani. Nikitaka kulifua, naitoa. Likikauka nairudisha upesi, maana nikichelewa huja kupapasa mfuko.