Alinisomea Habari za India za Mwaka Juzi

Admin, naomba unifiche vizuri, maana wateja wetu wengi huisoma page yako wakiwa wamekaa kwenye kiti changu. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, mzaliwa wa Kigoma, nipo Durban mwaka wa sita sasa. Nalala Pinetown, nasuka nywele saluni katikati ya mji. Sina mume, sina mtoto. Nilikuwa na rafiki mmoja tu, na ndiye aliyefanya niandike.

Nitamwita Fifi. Ni Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, tunasuka pamoja. Kwetu kichwa kimoja tunasuka wawili: mimi nagawa njia na kuanza kila msuko, yeye anaupokea na kuumalizia hadi ncha. Kwa hiyo mikono yangu haipumziki, ila yeye anapata nafasi ya kushika simu kila akisubiri msuko mwingine. Kumbukeni hilo, maana hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwaka huu niliona tangazo la shirika moja hapa mjini: nafasi moja kwa mhamiaji, kwenda India kusoma teknolojia, kila kitu kimelipiwa. Kuna mtihani na usaili, na sehemu kubwa ni habari za sasa za India: uchumi wake, madini na nishati yake, teknolojia yake. Wanataka mtu anayeijua nchi anayokwenda. Nilikaa na lile tangazo siku tatu bila kumwambia Fifi. Mimi si malaika. Siku ya nne roho ikanisuta, nikamwonyesha. Alinikumbatia akalia. Kwenye fomu kila mmoja akamwandika mwenzake kama mdhamini wa tabia.

Tukaanza kusoma kazini. Simu na bando vilikuwa vyake, chakula cha mchana nilinunua mimi. Fifi anasoma kwa sauti, mimi nashika kwa masikio. Halafu ananiuliza juu ya kichwa cha mteja, "Betri ya gari la umeme, iko madini gani ndani?" Najibu, "Lithiamu." "India wanaitoa wapi?" Nataja. Bajeti, makaa ya mawe, umeme wa jua, viwanda vya chipu za kompyuta, watu wanavyolipa hata chai kwa simu. Mama mmoja wa Kizulu alicheka akatuambia, "Eish, mnasuka nywele zangu au mnasuka India?" Jioni, kwenye taxi, daladala ya huku, nikirudi Pinetown, niliandika kwenye daftari yote niliyokumbuka. Miezi minne hivyo. Kila Fifi aliponiambia "hii ya wiki hii", niliandika "wiki hii".

Siku ya usaili niliingia nimejiamini kama waziri. Wakaniuliza kuhusu bajeti, nikaitiririsha. Mzee mmoja akavua miwani, akasema kwa upole, "Dada, hiyo ni bajeti ya mwaka juzi. Ya mwaka huu umeifuatilia?" Na mimi nikabisha! Nikamwambia mtu mzima kwamba amechanganya miaka. Wakaniuliza kuhusu viwanda vya chipu, nikasema mpango ndiyo kwanza unajadiliwa. Wakatazamana. Nikiwakumbuka wale watu mpaka leo nasikia aibu inanichoma usoni.

Fifi alishinda. Siku majibu yalipotoka alienda kuchemsha maji ya kuchovya ncha za misuko zisifumuke, akaniachia simu yake nimtumie mteja picha. Nikaona mafaili mawili ya habari za India. Moja la mwaka huu, limejaa alama za njano. La pili la mwaka juzi. Nikalifungua. Kila ukurasa nilioukuta nilikuwa nao kwenye daftari langu, mpangilio uleule, mpaka mifano.

Nilimuuliza hapohapo, mteja akiwa na nusu kichwa. Hakukataa. Alisema taratibu, "Nilikusomea ya zamani, ndiyo. Nilifanya mubaya, najua. Lakini nafasi ilikuwa moja, na miye sina ingine. Weye uko na Kigoma. Ukichoka na Durban, unarudi kwa mama yako. Miye nitarudi wapi?"

Nikagawa njia nyingine. Swali lake ndilo linaloniuma kuliko kushindwa. Miaka mitano nimekula naye, ameniuguza nilipolazwa, nami nilimpa kitanda changu alipofukuzwa na mwenye nyumba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nikadhani wanasema watu wengine. Angeniambia tu, "Niachie hii," pengine ningemwachia. Pengine nisingemwachia. Hata hilo sitalijua tena, na namchukia kwa hilo.

Sasa shirika limenitumia barua pepe. Bado mimi ndiye mdhamini wake. Fomu ni fupi, na swali la mwisho linasema: Je, mwombaji huyu ni mtu mwaminifu? Ndiyo au Hapana, halafu sahihi yangu. Wanaitaka Ijumaa. Bila hiyo hasafiri.

Hajaniomba chochote. Jana tumesuka kichwa kimoja kwa saa tano, kila nikimpa msuko anaupokea. Nikiandika Hapana, nimesema kweli, na atabaki hapa akisuka ncha maisha yake yote, ubavuni kwangu. Nikiandika Ndiyo, nimedanganya kwa sahihi yangu, na yeye anapanda ndege, mimi nabaki nikikosa usingizi. Na zile siku tatu nilizolificha tangazo zinanijia kila nikiifungua fomu.

Ndugu zangu mnaosoma, Ijumaa ni keshokutwa. Ingekuwa ni wewe, ungeweka alama wapi?