Upepo Uliotolewa Kwenye Kona

Juzi, kwenye kituo cha mafuta pale Kilifi, kijana alichomoa mpira wa upepo kwenye tairi ya gari langu. Ikatoa tsss, na harufu ya mpira wa moto ikanirudisha kwenye kiwanja cha ndege cha zamani nje ya Malindi, ambako wenye magari walikutana kuyakimbiza.

Nilikuwa mtoto. Baba alikuwa amezunguka mara kadhaa pale gari lilipoteleza kwenye kona, likaishia ukingoni mwa mtaro. Aliporudi, Mama alimwambia mbele za watu, "Baba Zuhura, likiteleza tena, naliuza." Gari lilikuwa kwa jina la Mama, kwa hiyo haukuwa mzaha.

Baba akapiga magoti, akaanza kutoa upepo kwenye tairi huku akitazama kipimo. Mimi nilijua baiskeli tu, na baiskeli isiyo na upepo haifiki popote.

"Baba, wautoa wa nini? Gari litauzwa!"

"Zimepata moto, mwanangu. Upepo umevimba ndani, tairi zimekuwa ngumu, hazishiki lami."

Sikumwamini hata chembe.

Akaondoka. Mama akajifunika uso kwa leso, kutazama akaniachia mimi. Kwenye kona tairi zililia, nikadhani zapasuka, kumbe ndiyo zashika. Gari likapinda, likapita.

"Limeteleza?" Mama akauliza kutoka ndani ya leso.

"Halikuteleza."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia mara mbili."

Baba alikuwa amepita mara moja tu.