Siku Tulihamisha Babu

Juzi mujukuu yangu alinionyesha mu telefone kisiwa cha Madagascar, fasi bazungu banaenda kutazama majumba ya bafalme ba zamani. Nikaona batu banatosha bazee bao mu kaburi, banabafunga mu nguo mupya, banacheza nabo. Nilishituka, nikakumbuka babu.

Pale kwetu Vulamba, nikiwa mutoto, barabara ilitaka kupita juu ya kaburi yake, donc baba alimutosha. Udongo ilinuka mvua. Baba alifunga mifupa mu shuka, akaniwekea mu mikono. Ilikuwa nyepesi kama kuku, na babu alikuwa mutu munene.

«Baba, mumesahau mifupa ingine.»

«Hapana, mama,» baba akaniambia. «Ni yeye yote.»

Nilijua anadanganya. Nikaruka mu shimo, nikachimba na vidole mpaka mama akanivuta na nguo.

Leo najua baba alisema kweli. Mais ile barabara, napita tu pembeni.