Mstari wa Kumi na Tisa

Jumanne tarehe kumi na sita Agosti, 1983, saa tatu kasorobo asubuhi, daktari aliweka taipureta juu ya meza ya kliniki ya wajawazito, kwa kuwa haikuwa siku yao, akaniambia, "Haya, kasichana ka Form Three. Leo utafanya kazi ya maana."

Hospitali yenyewe ni ndogo, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Zombe. Mama yangu hufagia wodi na ofisi ya daktari. Ni yeye aliyemwambia kwamba shuleni tunafundishwa kutaipu. Mimi nisingesema. Mimi hata nikiitwa darasani husimama nikaangalia viatu.

Daktari alikuwa ameandika habari za watoto waliolazwa kwetu na kala-azar, ule ugonjwa unaowashika watoto wanaocheza kwenye vichuguu: homa haiishi, tumbo linavimba upande wa kushoto, mtoto anabaki macho tu. Alitaka habari hizo zitoke katika jarida la madaktari la ng'ambo. Walikuwa wamemrudishia karatasi zake mara moja, pamoja na masharti. Mistari iachane nafasi mbili. Nakala ziwe tatu. Jedwali liwe na ukurasa wake, na kila mgonjwa awe na mstari wake: umri, herufi ya kuonyesha ni msichana au mvulana, idadi ya sindano, kisha mwisho wake, yaani alipona au alikufa.

Ukurasa wa kwanza niliweka kaboni kinyume. Maneno yakajiandika mgongoni mwa karatasi, yamegeuka yote.

"Shule yenu hufundisha kusoma kwa kioo?" daktari akauliza. Muuguzi aliyekuwa akipita akacheka. Nikaanza upya.

Nilikuwa naisubiri kazi hiyo kwa sababu moja. Ndugu yangu mdogo alikufa katika wodi hiyo miaka miwili iliyopita, kabla daktari huyu hajaletwa. Alipoanza kukusanya kadi za zamani alimkuta mama akipiga deki ofisini, akamwambia, "Mama, hata wako ataingia. Madaktari wa dunia nzima watamsoma." Mama hajui kusoma, lakini maneno hayo aliyabeba nyumbani kama mtu aliyepewa kitu mkononi. Alimwambia susu, yaani nyanya yetu, akamwambia shangazi, mke wa ndugu ya baba, akawaambia wanawake wa kanisani. Asubuhi hiyo nilipotoka aliniambia, "Ukimfikia, umwandike polepole."

Nilimfikia saa sita. Mstari wa kumi na tisa. Mvulana, miaka minne, na jina la boma letu kwenye kadi. Daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba mtoto alipigwa sindano tisa, akatoroshwa na watu wake, akarudishwa baadaye, akamaliza sindano thelathini, akapona.

Niliusoma mara tatu. Ndugu yangu alipona.

Kisha nikaelewa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, baba wa baba. Baba yangu na ndugu yake wanaishi boma moja, na kila mmoja alipopata mvulana wa kwanza alimwita jina la mzee. Kwa hiyo boma letu lilikuwa na watoto wawili wa jina moja. Wote wawili walicheza kwenye kichuguu kimoja, wote wawili wakaugua. Susu ndiye aliyewaleta hospitali, kila mmoja kwa wakati wake. Karani akimwuliza, "Ni wa kwa nani?" anataja mwenye boma, mumewe. Akiulizwa miaka anasema minne, maana yeye hahesabu miaka. Ndugu yangu alikufa usiku, wakambeba nyumbani kabla karani hajafungua ofisi, na kadi yake ikabaki hivyo, bila mwisho. Aliyerudi na kupona alikuwa mtoto wa shangazi; daktari alikuwa ameziunganisha kadi zao mbili kuwa mgonjwa mmoja.

Nilikaa na hilo jambo mpaka saa saba. Daktari aliporudi kutoka chakula nikasema.

"Unaongea na mimi ama na meza?"

"Hawa ni wawili, daktari."

"Wawili? Jina moja, boma moja, umri mmoja? Wakamba mmeishiwa na majina?"

Nikamweleza, huku nikiangalia vitufe vya taipureta. Akazileta zile kadi mbili, akaziweka sambamba.

"Kwa hivyo huyu wa kwanza ndiye wa mama yako."

"Ndiyo."

"Aliyekufa."

"Ndiyo, daktari."

Akapekua meza. Nilidhani anatafuta mahali pa kuandika. Alikuwa anatafuta rula. Akaiweka juu ya mstari wa kumi na tisa na kuukata kwa kalamu nyekundu, polepole, kama mtu anayepiga mstari chini ya kichwa cha habari.

"Kadi zenye mashaka haziingii. Wote wawili nje."

"Hakuna mashaka, daktari. Mimi nawajua."

"Wewe ni nani? Niwaandikie wazungu kwamba nimeambiwa na mtoto wa mfagiaji?"

"Ulimwahidi mwaitu. Ulimwahidi mama."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema hivyo. Yeye pia alishangaa, kisha akatabasamu, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Jarida si matanga, ati kila marehemu atajwe. Toa huyo, wa chini wapande, rekebisha jumla. Ama nimwite mama yako nimwambie kazi yangu imechelewa kwa ajili yako?"

Nikatoa. Wa ishirini akawa wa kumi na tisa, na wengine wote wakapanda nambari moja. Jedwali lote nililitaipu upya, na sikukosea hata herufi moja. Daktari alipoliona akasema, "Safi sana." Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi.

Saa kumi na moja alitia sahihi barua ya juu, akanipa bahasha ya kaki niipeleke posta ya Zombe asubuhi, maana nyumbani kwetu ni upande huo. Akasema niifunge mwenyewe kwa gundi, nisije nikaiharibu kwa mate.

Mama alikuwa ananingoja mlangoni. Alinawa mikono, akaipangusa kwa leso, akakaa.

"Nionyeshe."

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na maneno tayari tangu njiani. Lakini nilimwona alivyokaa, magoti pamoja kama yuko kanisani, na kesho alikuwa na kazi ya kufagia ofisi ya yule mtu. Nikatoa jedwali, nikatafuta mtoto aliyekufa aliye karibu. Alikuwa wa kumi na tisa, na alikuwa msichana. Nikaweka kidole.

"Huyu."

"Hapa wamesema nini?"

"Mvulana. Miaka minne."

"Na hapa?"

Sikufikiri. Nilisoma tu kilichoandikwa. "Sindano kumi na moja."

Mama akainua macho. "Aiee. Zilikuwa tisa. Nilikuwa nahesabu."

"Mwaitu, ni daktari ameandika. Ametoa kwa kadi."

Aliinamia karatasi. Aliigusa ile herufi ya msichana kwa ncha ya kidole.

"Basi labda ni mimi nilikosea," akasema. "Siku zile nilikuwa silali." Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, sindano kwa sindano, mkono huu, paja hili, akitafuta zile mbili alizozisahau. Aliendelea hata alipokuwa akikoroga ugali.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshika gundi wakati shangazi alipoingia. Mama alikuwa amemwambia kisimani.

"Kumbe mmeandikwa! Na wangu? Nionyeshe wangu pia."

Nikafungua bahasha tena. Nikachagua mvulana aliyepona, wa kijiji cha Kwa Vonza nadhani, nikashika kidole cha shangazi nikakiweka pale.

"Huyu."

"Ehe! Na sindano wamesema ngapi?"

Safari hii sikusoma. Nilimwuliza kwanza. "Kwani zilikuwa ngapi, shangazi?"

"Thelathini."

"Ndiyo," nikasema. "Thelathini."

Nikapaka gundi, nikabonyeza pembe zote nne, nikatoka kwenda posta.