Matundu Mawili Nje, Mawili Ndani

Mume wangu hukusanya mauzo ya wakala wa saruji, kuanzia Wazo hadi Mbagala. Aliwahi kuzuiwa njiani na watu wenye bastola. Wakachukua mkoba, wakamwachia roho. Tangu hapo akawa anatafuta gari lenye milango mizito. Mpango wake alinieleza tukila: wakija tena hatoi kitu, atajikunja nyuma ya mlango, wapige mpaka wachoke.

Mpango huo ndio ulioniondoa kwenye cherehani yangu asubuhi ile, nikamfuata hadi yadi ya magari Manzese.

Alishaketi kwenye usukani. Dalali akaugonga mlango kwa ngumi. "Sikia hiyo, braza! Chuma cha zamani. Risasi ikifika hapa inaomba radhi."

Mume wangu akacheka kama mtu aliyekwisha kulipa.

Nikatoa sumaku ninayookotea sindano kibandani kwangu.

"Mama, mambo ya magari tuachie sie," dalali akasema.

"Nawaachia. Mie nahesabu tu."

Nikaipitisha mlangoni. Inanata, inanata, halafu pu! ikaanguka. Nikarudia. Sehemu mbili hainati: chini ya rangi mna puti, ule udongo wa kuzibia bati, na puti haijuani na sumaku. Dalali akasema gari lilikwaruzwa na bodaboda. Bodaboda gani inayokwaruza kwa nukta?

Nikatazama upande wa ndani. Mlango mkongwe, kitambaa kipya, uzi wa juzi. Hiyo ni kazi yangu. Nimewafichia watu matundu mengi. Nikaomba bisibisi. Dalali akasita, lakini wateja wawili walishasogea, na kukataa kungekuwa kukiri.

Kitambaa kilipobanduka, ule uzito wote ukaisha. Bati jembamba nje, bati jembamba ndani, katikati hewa na mashine ya kupandishia kioo. Kwenye bati la ndani matundu mawili, kila moja sawa na kitufe cha shati, kingo zimepindia kwa dereva.

Nikahesabu kwa sauti. "Nje mawili, ndani mawili." Nikahesabu tena, yakabaki yaleyale. "Risasi zilizoingia zote zimetoka. Hakuna iliyoomba radhi."

"Hayo ya spika," dalali akasema.

"Spika ya panya?" akauliza mteja mmoja. Yadi nzima ikacheka.

Mume wangu hakucheka. Alipima kwa kiganja kutoka kwenye matundu hadi ubavuni mwake, akashuka taratibu.

"Sasa wakinisimamisha tena?"

"Unawapa mkoba. Wakala atanuna, mie nitabaki na mume."

"Nitawapa."

"Rudia."

"Nitawapa, mke wangu. Na hawa wote mashahidi."

Tukaondoka bila gari, mie mbele, natembea kama diwani aliyetoka kutangazwa mshindi. Dalali akatufuata hadi barabarani akitaja nusu ya bei ya mwanzo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, bei ilishuka nami sikugeuka.